Uchafu wa Lambo Una Majina Mangapi?

Mtu anayetaka kuwa mwandishi wa riwaya hujifunza mapema kuliogopa neno "vitu". Ukiandika kwamba mezani palikuwa na vitu, hujamwambia msomaji lolote. Lakini hapa kwetu Usoke, kila kinachoota majini kikawa na rangi ya kijani tunakiita utando, au uchafu, basi tumemaliza. Kwenye majaruba ya mpunga ni uchafu. Kwenye malambo ya ng'ombe ni uchafu. Ile michirizi myeusi inayoshuka kwenye majabali baada ya mvua, nayo ni uchafu wa mawe. Mimi nimemaliza kidato cha nne nikiwa na neno moja tu la kuongeza hapo: mwani. Na hata hilo, kumbe, halikuwa sahihi.

Ndugu msomaji, wengi wa hao tunaowaita uchafu ni sianobakteria. Vitabu vya zamani viliwaita mwani wa kijani-buluu, kwa sababu hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani. Lakini mmea hawamo, ni bakteria. Yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ilianza kuongezeka katika hewa ya dunia, na hao ndio walioitoa. Hata zile chembe za kijani ndani ya jani la mhindi zina asili yake kwa ndugu zao wa kale, waliomezwa na seli nyingine wasisagike, wakabaki humo wakifanya kazi. Na baadhi yao huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Kwa hiyo mkulima anayelaani uchafu wa jarubani, mara nyingine huwa anamlaani anayemlishia mpunga wake bila malipo.

Sasa hebu tujiulize: mtu anajuaje kwamba huyu aliyemwona ni mpya, hajapata kuandikwa na yeyote? Mfano ulio karibu nasi uko Kenya. Mwaka 2012 watafiti walitangaza sianobakteria mpya kutoka Ziwa Nakuru, lile la magadi, wakampa jina Haloleptolyngbya alcalis. Jina linatisha, lakini ukilikatakata ni maelezo matupu: mwenye chumvi, mwembamba, wa ukoo unaomkumbuka mtaalamu wa mimea Lyngbye wa Denmark, mkaazi wa magadi. Kazi yenyewe huanza na chupa ya maji. Unautenga uzi mmoja tu, unaukuza peke yake, unautazama kwa hadubini. Unapima upana wa seli zake, unatazama ncha ni butu au imechongoka, kama uzi una ala au hauna, kama kuna zile seli maalumu za kunasa naitrojeni. Kisha unasoma jeni zake na kuzilinganisha na za wenzake wanaojulikana, maana hawa viumbe wanafanana mno kwa sura. Mwisho unaweka sampuli mahali pa kudumu, ili mwingine akibisha aende akaitazame mwenyewe.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonipendeza kuliko yote. Ukisema umeona kitu, kieleze kiasi kwamba mtu asiyekujua aweze kukitambua akikutana nacho. Sijui sharti gizito zaidi ya hilo kwa mtu anayejiita mwandishi.

Lakini jina lina mwenyewe, na hapo ndipo moyo wangu unaposita. Reli inayopita hapa Usoke inaishia Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Kabla ya reli walipita watu wa misafara. Mwaka 1858 Speke aliokota makombe ya konokono ufukweni mwa ziwa hilo, akarudi nayo kupitia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na mwaka 1859 S. P. Woodward akayaeleza huko London kuwa ni ya aina mpya. Halafu mwaka 1904 hadi 1905 Mwingereza W. A. Cunnington akafanya safari ya kukusanya viumbe wa ziwa lile lile. Mwani wake aliuchunguza G. S. West huko kwao, akatoa ripoti mwaka 1907, na mmoja wa sianobakteria akaitwa Anabaena tanganyikae. Mizigo ilibebwa na vichwa vya watu wa huku. Majina yakatoka ng'ambo.

Sisi wenyewe tunayajua mambo hayo. Inasemwa kwamba jina la Wanyamwezi tulipewa na watu wa pwani, kwa kuwa tulitokea upande mwezi mchanga unakoandama. Wenyewe kwa wenyewe tulikuwa na maneno mengine: wa kusini ni Wadakama, wa kaskazini ni Wasukuma. Nani alikosea? Nadhani hakuna. Kila mmoja alitoa jina kwa kutazama kutoka pale aliposimama. Hata wataalamu hubadilisha. Yule Anabaena wa Tanganyika alihamishiwa jenasi ya Anabaenopsis. Yule anayewalisha heroe wadogo katika maziwa ya magadi aliitwa Spirulina, akawa Arthrospira, na mwaka 2019 akaitwa Limnospira. Heroe wanaendelea kula tu.

Msomaji ataniuliza, jamani, haya yanatuhusu nini sisi tunaochota maji lamboni? Yanatuhusu sana. Mwaka 2005 watafiti waliandika kwamba katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Viktoria, sianobakteria wanatengeneza sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hushambulia ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Na wawili wanaofanana kabisa chini ya hadubini, mmoja anaweza kuwa nayo na mwenzake asiwe nayo. Jeni ndizo zinazowatofautisha.

Nilipomweleza bibi yangu jambo hilo alicheka.

"Mjukuu wangu, moto unaua kila kitu."

"Unaua mdudu, bibi. Sumu aliyoiacha haifi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye maji ya kijani hajapata kuyachota hata siku moja. Ndoo huzamishwa upande upepo unakotokea, kwa sababu utando husukumwa ng'ambo ya pili. Na utando wenyewe, akasema, si mmoja. Ukiuchota kwa kijiti ukaja na nyuzi ndefu kama nywele, huo hauna neno sana. Ukiteleza ukabaki kijitini kama rangi ya mlango, waondoe ng'ombe hapo.

Nilishangaa. Baadaye nikasoma kwamba kipimo hicho cha kijiti hutumiwa na wataalamu wa maji: nyuzi ndefu kwa kawaida ni mwani wa kweli, na kile kinachofanana na rangi iliyomwagika huenda ni sianobakteria. Hakioni sumu, wala upande wa upepo hauhakikishi kwamba maji ni salama, lakini kinatenganisha mtuhumiwa na asiyehusika. Bibi hakupata kuishika hadubini. Alikuwa anaainisha viumbe miaka yote hiyo, na hakuna aliyeandika.

Hadi mwisho wa mwaka 2011 maelezo ya spishi mpya ya mimea na mwani, na hawa pia, yalitakiwa yaandikwe kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Kiswahili bado hakimo katika sharti hilo, lakini hakuna sharti linalotukataza kuandika tunachokiona. Nimenunua daftari la kurasa mia moja. Naandika tarehe, lambo lipi, maji yana rangi gani, upepo unatoka wapi, kijiti kimeleta nini, ng'ombe wamekunywa au wamekataa. Wewe uliyeko shuleni, ambako hadubini imefungiwa kabatini, muombe mwalimu aifungue, ukatazame tone moja la maji ya kwenu. Utakachokiona huenda kina jina tayari, huenda hakina. Kieleze tu vizuri, ili siku atakapokuja mwenye chupa asiseme kwamba alikuta hapa pana uchafu.