Usiache Mbachao: Mambo Niliyojifunza Katika Mapambo ya Harusi ya Kihindi

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii sote tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na wengi tulipata alama nzuri bila kujua mbacha wenyewe ni kitu gani. Ndugu msomaji, leo sikuletei habari za mikeka. Nakuletea habari za mapambo ya harusi ya Kihindi, maana ndiyo yaliyonifunza methali hii kuliko ubao wa darasani.

Hapa kwetu Mombasa Wahindi si wageni. Wafanyabiashara wa Gujarat walifika pwani hii kwa majahazi ya pepo za kaskazi, kabla hata ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kuwa Wakenya wenye asili ya Kiasia ni kabila la 44 la nchi hii. Hata ndimi zetu zinawajua: gari, laki na chapati ni maneno tuliyoyapata kwao. Lakini waulize wanafunzi wenzangu ndani ya ukumbi wa harusi ya Kihindu mna nini. Watakwambia, "Taa nyingi na chakula kitamu," kisha kimya!

Mimi nilibahatika kujua kwa kuwa baba yangu ni fundi seremala. Kazi yake moja ni kutengeneza mandapu. Mandapu ni kibanda cha nguzo nne ambacho bwana na bibi harusi huketi chini yake. Katikati huwashwa moto mtakatifu, na Wagujarati huuzunguka mara nne. Mlangoni hutundikwa torani. Torani ya asili ni majani ya mwembe na maua yaliyotungwa kwenye uzi. Halafu kuna rangoli, nakshi inayochorwa sakafuni kwa unga wa rangi au wa mchele, kumkaribisha mgeni. Kila pambo basi lina kazi yake, halikuwekwa kujaza nafasi tu.

Wahindu wengi hawaozi katika ile miezi minne ya mvua za kwao, kwa hivyo ikifika Novemba harusi hufuatana kama siafu. Novemba ya mwaka 2024, nikiwa likizoni, familia moja ilimwita baba. Bibi harusi alikuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza, na alitaka mambo ya kisasa: kila kitu cheupe, maua ya plastiki, na mandapu ya vyuma ya kukodisha kutoka Nairobi. Mama yake alitaka mbao za kuchonga kama za harusi yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama kando na kipimo cha futi mkononi, roho juu juu. Sitaficha, pesa zangu za kidato cha tatu, sare na chakula cha mchana, zilikuwa ndani ya mbao hizo. Vyuma vikishinda, baba hana kazi.

Nyanya yangu naye alikuwapo, maana yeye hutunga asumini na vikuba, na alikuja kupatana bei. Mara mama wa bibi harusi akafungua sanduku, akatoa torani ya kitambaa. Jamani, nilitamani mngeiona! Ilikuwa nyekundu, ya manjano na ya kijani, imedariziwa kwa mkono na kujaa vioo vidogo vilivyoshikizwa kwa uzi. Chini ilikuwa na vipande vinavyoning'inia mfano wa majani ya mwembe. Upande mmoja ilikuwa imechanika.

Bibi harusi akasema, "Hii tutaikata vipande vidogo tuweke juu ya meza. Nzima haifai."

Nyanya akamwuliza, "Mjukuu wangu, kilishonwa na nani hiki?"

"Na mama yake nyanya yangu, bibi. Kule Kutch."

"Yu hai?"

"La. Alikufa kabla sijazaliwa."

Hapo mama yake akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba nyumba ya bibi huyo ilianguka katika tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001, lile lililobomoa sehemu kubwa ya Kutch. Kitambaa hiki kilisalimika kwa sababu kilikuwa Mombasa.

"Basi mkono wake uliobaki ndio huu," nyanya akasema. "Kama haulingani na meza, badilisheni meza."

Bibi harusi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, bila hasira, "Lakini kimechanika, bibi. Na rangi hizi na weupe wangu, wapi na wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mzee akikwambia jambo ni la zamani, bado hajakwambia utalitumiaje. Nikaomba ruhusa, nikafungua daftari langu la Sanaa, nikachora. Ukumbi niliuacha mweupe kama alivyotaka. Rangi niliiweka mahali pamoja tu, mlangoni: torani nzima, ikiwa imeshonewa kwenye kitambaa cha amerikani ili pale palipochanika pashikwe. Mbele yake nilichora taa ndogo za LED za kumulika vile vioo. Nyeupe ikizunguka rangi, rangi ndiyo huonekana zaidi. Bibi harusi aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akacheka, akasema, "Sawa. Haikatwi."

Kuhusu mandapu, baba alimsikiliza pia. Nguzo zilikuwa nyembamba na zilizonyooka kama za kisasa, nakshi ikawekwa juu tu, ule umbo wenye ncha iliyojipinda. Wao huuona kuwa embe. Sisi kwenye leso zetu huuita korosho. Hakupiga msumari hata mmoja. Ulimi wa mbao uliingia tunduni ukafungwa kwa kigingi, ili nguzo zifunguliwe na kutumika tena. Jambo moja tu alilikataa katakata: kitambaa cha nailoni kuning'inia chini juu ya moto. "Mama," alimwambia mwenye harusi, "moto haujui kama leo ni sherehe." Wakatumia pamba, ikafungwa pembeni, katikati pakaachwa wazi.

Maua ya plastiki nayo yalishindwa na asumini. Nyanya aliyachuma jioni yakiwa bado vitumba, kwa sababu asumini hufunguka usiku. Wageni walipoingia, harufu iliwatangulia mlangoni.

Msije mkadhani nasema cha zamani ndicho bora siku zote. Mama wa bibi harusi alishikilia liwekwe ua la genda, lile la rangi ya chungwa tunaloliita marigoldi, akisema ni ua lao la tangu na tangu. Likawekwa kuizunguka rangoli. Lakini nimesoma kwamba asili ya ua hilo ni bara la Amerika, na kwamba lilifika India kwa meli karne kadhaa zilizopita. Lilikuwa geni, likakaribishwa, leo ni mwenyeji. Hata torani ya kitambaa ilikuwa ya kisasa siku moja, pale mtu alipochoka na majani yanayonyauka akachukua sindano.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wanachama wenzangu ni huu. Kipya kikija, kisikufanye ukikate cha zamani ili kitoshe. Uliza kwanza: hiki kilifanya kazi gani, na mkono wa nani umo ndani yake? Ukishajua, kipya kitapata mahali pake, kama taa zile mbele ya vioo. Anzeni nyumbani kwenu. Ulizeni ni nani alisuka mkeka ulio chini ya kitanda, na ulisukwaje, kabla ya kuutupa.

Nguzo za baba sasa zimekwisha kukodishwa kwa harusi tatu nyingine, na mimi nipo kidato cha tatu. Mwenye kutaka kuziona na aje karakanani Jumamosi, lakini ajue atapewa msasa akae kazini.