Kazi Yangu ya Jioni: Kufanyiza Vigari vya Mfano

Watu wengi wamalizapo kazi ya mchana hutafuta jambo la kujiburudisha. Mmoja hupalilia bustani yake, mwingine hufuga njiwa, mwingine hucheza bao hata usiku ukaingia. Mimi hufanyiza magari. Lakini msidhani ya kwamba nina kiwanda, wala msidhani kuwa magari yangu huchukua abiria. Gari langu lililo kubwa kupita yote hukaa juu ya rafu ya vitabu, na mtoto mdogo aweza kulichukua kwa mikono miwili. Ni vigari vya mfano, yaani vigari vinavyofanana na magari ya kweli kwa kila kiungo, ila vimepunguzwa ukubwa kwa hesabu.

Nilizaliwa Tanga, lakini kwa muda wa miaka mingi nimekaa Brooklyn, ambayo ni sehemu ya mji wa New York katika nchi ya Marekani. Huko ndiko nilikojifunza kazi hii. Kwa hiyo magari ninayoyafuata ni ya mji huo: magari ya reli yapitayo chini ya ardhi, na tramu zilizokuwa zikipita barabarani zamani. Kwanza sina budi kuwaeleza magari hayo ni ya namna gani, maana mtu hawezi kufahamu mfano wa kitu asichokijua.

Tramu ni gari la reli la mjini. Reli zake zimelazwa katika barabara ile ile wapitayo watu na motokaa. Haina moshi, maana haili kuni wala makaa. Huendeshwa kwa nguvu za umeme. Juu ya paa lake umesimama mlingoti mwembamba, na ncha ya mlingoti hugusa waya uliotandwa juu ya njia. Umeme hutoka katika waya, hushuka kwa mlingoti, huzungusha mota zilizo chini ya sakafu, kisha hurudi ulikotoka kwa njia ya magurudumu na reli. Mhandisi Mmarekani, jina lake Frank J. Sprague, ndiye aliyeonyesha mwaka 1888, katika mji wa Richmond, ya kuwa mji mzima waweza kutumia tramu za namna hii. Baada ya hapo miji mingi ikafuata. Brooklyn tramu zilikuwa nyingi mno, hata watu wake wakataniwa kuwa ni wakwepa tramu. Na timu yao ya besiboli ikaitwa Dodgers, maana yake Wakwepaji. Timu hiyo ingali na jina lile, ingawa tangu mwaka 1958 makao yake ni Los Angeles.

Gari la chini ya ardhi ni la namna nyingine. Reli hiyo ya New York ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, nayo ilianza na stesheni 28. Gari lake halina mlingoti. Kando ya reli mbili za magurudumu iko reli ya tatu yenye umeme wa kuua mtu, na chuma kilichotokeza ubavuni mwa gari huteleza juu yake na kuuchukua umeme huo. Zile reli mbili zimeachana kwa futi 4 na inchi 8 na nusu, ndizo milimeta 1435. Wanafunzi wa Tanzania waliopanda gari jipya la umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, lililoanza safari zake mwaka 2024, wamekwenda juu ya reli za upana huo huo.

Sasa twende kwenye hesabu, maana bila hesabu kazi hii haiwezekani. Kipimo nikitumiacho mimi ni moja kwa arobaini na nane: kila futi moja ya gari la kweli huwa robo ya inchi katika gari la mfano. Gari la chini ya ardhi lenye urefu wa futi 60 huwa inchi 15. Mtu mwenye kimo cha futi 6 huwa inchi moja na nusu. Watu wenye nyumba ndogo hupenda kipimo cha moja kwa themanini na saba, na gari lile lile likawa inchi 8 na robo hivi. Tena fikirini jambo hili: gari likipunguzwa mara 48 kwa urefu, hupunguzwa mara 48 kwa upana, na mara 48 kwa kimo. Zidisheni wenyewe, mtaona ya kuwa vigari vyangu 110,592 ndivyo vingeweza kujaza mahali pa gari moja la kweli.

Hesabu hiyo hufichua makosa ambayo jicho haliyaoni. Reli ziuzwazo madukani kwa kipimo changu zimeachana kwa inchi moja na robo, yaani robo tano, ndizo futi tano kamili. Lakini tumesema ya kuwa reli za kweli zimeachana kwa futi 4 na inchi 8 na nusu. Basi kila gari lisimamalo juu ya reli zile limetanua miguu kwa inchi tatu na nusu kupita haki yake. Wafanyizaji wengi hulijua jambo hilo na kulivumilia. Wengine hawavumilii, bali huzipanga reli zao wenyewe na kuyatengeneza magurudumu yao wenyewe. Mimi ni katika hao wa pili.

Lakini kupima peke yake hakutoshi. Yafaa kujua na desturi za kila mji. Katika kisiwa cha Manhattan, kilicho ng'ambo ya mto tu, serikali ya mji ilikataza waya za tramu juu ya barabara. Kwa hiyo umeme ulipitishwa chini, katika mfereji mwembamba ulio katikati ya reli, na tramu ikauchukua kwa chuma kilichoshuka mferejini. Mtu akifanyiza barabara ya Manhattan ya zamani, kisha akatanda waya juu yake, kazi yake itapendeza macho, lakini itakuwa inasema uwongo.

Na kazi yenyewe hufanywa hivi. Kwanza hutafuta michoro na picha za kale, na ikiwezekana hulitafuta gari lenyewe. Katika mji wa East Haven, jimbo la Connecticut, iko nyumba ya makumbusho iitwayo Shore Line Trolley Museum, nayo imehifadhi tramu kadha wa kadha za Brooklyn. Mojawapo ni ile yenye namba 8111, ya miaka ya 1920. Nilikwenda huko na rula na tochi, nikapima milango, madirisha na vipandio, nikaandika kila kitu katika daftari. Kisha hukata mbavu za gari katika bati jembamba la shaba au katika kipande cha plastiki. Madirisha hukatwa kwa kisu chembamba, moja moja, na pembe zake husawazishwa kwa tupa ndogo. Dirisha moja likipotoka kwa unene wa unywele, jicho huliona mara moja katika safu, kama jino lililovunjika. Halafu huja paa, viti, vipandio, mlingoti, na mota ndogo ya kuendeshea. Rangi hutiwa mwisho, kidogo kidogo, na kila tabaka hungojewa mpaka likauke. Haba na haba hujaza kibaba: gari moja hunichukua muda wa mwaka, na pengine zaidi.

Binti yangu hupenda kunisaidia. Jioni moja alinikuta nikihangaika na kipande cha shaba kisichozidi punje ya mbaazi. Ilikuwa kengele. Tramu za zamani zilikuwa na kengele chini ya sakafu, mahali asimamapo dereva, naye aliipiga kwa mguu ili watu wampishe njia.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, kengele hii itakaa wapi?"

Nikamjibu, "Chini ya gari, mwanangu."

"Nani ataiona huko?"

Nikamwambia, "Pengine hakuna. Lakini gari la kweli lilikuwa nayo." Jibu langu halikumridhisha, nami sikuwa na jibu jingine.

Labda na ninyi mwauliza, kwa nini mtu mzima ajisumbue hivi kwa ajili ya magari yaliyokwisha zamani? Nitawaambia. Mji mkubwa hauna huruma na vitu vyake vya kale. Mabasi yalipokuja, tramu ziliondolewa njia moja baada ya nyingine, na ya mwisho ya Brooklyn ilisimama mwezi wa Oktoba, mwaka 1956. Nyingi zilivunjwavunjwa, zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Hata magari ya chini ya ardhi yakichakaa hayapewi heshima. Kati ya mwaka 2001 na 2010, zaidi ya magari 2,500 yalipakiwa katika matishari, yakatoswa katika bahari ya Atlantiki, yawe makao ya samaki. Samaki wamefaidika, nami sina neno juu yao. Lakini watu waliofanya kazi garini miaka thelathini, na watoto wao, wataonyeshwa nini?

Katika nyumba tukaayo, orofa ya chini, yuko mzee mmoja aliyezaliwa mwaka 1939. Baba yake alikuwa dereva wa tramu hapo Brooklyn. Siku za Jumamosi alimchukua mwanawe garini. Tramu nyingi za wakati ule zilikuwa na vichwa viwili, wala hazikugeuzwa zifikapo mwisho wa njia. Dereva aliung'oa mpini wake wa kuendeshea, akatembea mpaka kichwa cha pili, akauchomeka huko, na gari likarudi lilikotoka. Mtoto huyu ndiye aliyeuchukua mpini kutoka kichwa hata kichwa, huku akigeuza migongo ya viti ili abiria watazame mbele. Mzee alinisimulia hayo mara nyingi. Hana picha hata moja ya baba yake akiwa kazini. Na kama angekuwa nayo isingemfaa, kwa kuwa macho yake yamepofuka.

Nilipokwisha kufanyiza tramu yangu, nilishuka nayo kwake, binti yangu akafuatana nami. Nikamwomba mzee anyoshe mikono, nikaiweka juu ya viganja vyake. Kwanza hakusema neno. Alipapasa paa toka mwanzo mpaka mwisho. Akaugusa mlingoti, akausukuma chini, akausikia ukiinuka wenyewe. Akayahesabu madirisha kwa ukucha. Akatafuta kipandio cha mlango, akakipata. Kisha akalipindua gari, kidole chake kikaenda moja kwa moja chini ya sakafu ya dereva, kikaikuta ile kengele. Akaigonga kwa ukucha, nayo ikatoa sauti nyembamba sana, kama ya sindano iangukapo juu ya sahani.

Akasema, "Baba aliipiga hii kwa kisigino. Mama alikuwa akiisikia toka dirishani, akajua kama leo amechoka au amefurahi."

Akanyamaza kwa muda. Halafu akaniuliza mpini uko kichwa gani. Nikamshika kidole, nikamwonyesha. Ndipo alipoliweka gari mezani, akalielekeza taratibu mpaka kichwa chenye mpini kikatazama dirisha, iliko barabara. "Sasa," akasema, "liko tayari kuondoka."

Gari lile sikurudi nalo. Liko kwake mpaka leo, nami nimekwisha kuanza jingine. Binti yangu hakuniuliza tena juu ya vitu vya chini. Siku hizi yeye ndiye avitengenezaye, kwa kuwa vidole vyake ni vyembamba kuliko vyangu.

Basi, ninyi wanafunzi, hamhitaji tramu wala reli ya chini ya ardhi ili kuijaribu kazi hii. Chagueni kitu kimoja mkionacho kila siku hata mmeacha kukitazama: ngalawa, au mkokoteni, au nyumba ya babu. Kipimeni kwa kamba na rula, mkiandika kila kipimo. Kila futi moja na iwe inchi moja, nanyi mkate vipande vyenu katika boksi au mti laini kwa hesabu hiyo. Msiache kitu kwa sababu eti hakionekani, wala msiongeze kitu kwa sababu kinapendeza. Na mkisha kumaliza, msiwape kwanza wenzenu wawasifu. Mpelekeeni mvuvi mzee aliyeitumia ngalawa ile tangu ujana wake, mmwombe afumbe macho, mmpe aishike. Yeye ndiye atakayewaambia kama mmeifanya kweli.