Mwaka wa Kufundisha na Kuandika



Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Ndiyo sababu twataka kuwaeleza habari za mwaka 2023, jinsi tulivyofanya kazi huku kwetu upande wa Moba, karibu na ziwa Tanganyika. Kazi zetu zilikuwa tatu: kufundisha, kutafuta maneno ya wazee, na kuyasoma mbele ya watu. Katika ile ya tatu tulipata aibu, na aibu hiyo imetufaa.

Sisi ni katekista. Tulisoma seminari miaka michache, tukatoka, tukaoa, tukarudi kijijini. Asubuhi twafundisha watoto, jioni wakatekumeni wakubwa. Wengi wao ni wavuvi wa ndakala. Usiku wa giza wako ziwani na taa zao, kwa maana samaki hao huifuata taa. Kesho yake wanasinzia mbele yetu. Zamani tuliwakemea. Sasa twaufuata mwezi: ukiwa mkubwa, hawaendi kuvua, nasi twafundisha sana, ukipotea, twawaacha walale. Tangu hapo wanajua sala zao vizuri zaidi.

Wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yametulia, tuliwaendea wazee. Aliyetuamsha ni Padri Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii ya Marungu. Alipokuwa bado mseminari, aliandika kwa Kifaransa juu ya fikira na tabia za Wabantu, na maandiko yake yalitolewa katika La Revue congolaise miaka ya 1910 na 1911. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri na Monsinyori Roelens huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo. Ni yeye padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi mpya. Alifariki mwaka 1951. Basi tulijiuliza: yeye alishika kalamu pasipo ndugu wa kumtangulia, sisi tuliotanguliwa twangoja nini?

Tulijaza madaftari matatu. Wazee walisema Kitabwa, sisi tuliandika Kiswahili. Mzee mmoja alitusimulia habari ya ndugu wawili wenye mtumbwi mmoja. Siku moja mkubwa aliuchukua peke yake usiku, kwa choyo, asimwambie mdogo wake. Dhoruba ikaja, wavu ukapotea.

Jumapili moja jioni tuliwaita watu penye darasa letu, tukawasomea. Walikuja wengi, hata akina mama na watoto mgongoni. Tulipofika kwenye habari ile, tulisoma kwa sauti kubwa kwamba mwenye choyo alizama, akafa, kwa kuwa Mungu humwadhibu mwenye choyo. Watu walinyamaza. Moyoni tulifurahi, tukidhani wameguswa.

Yule mzee aliinuka polepole juu ya fimbo yake.

— Mwalimu, huyo uliyemwua ni nani?

— Babu, si yule ndugu mkubwa?

— Huyo ndiye aliyemzaa baba yangu. Kama alikufa ziwani usiku ule, mimi nimetoka wapi?

Watu walicheka sana. Sisi hatukuwa na mahali pa kuweka macho.

Kesho yake tulikwenda kwake na daftari. Alitukaribisha vizuri, akasema: «Mwanangu, hukunisikiliza mpaka mwisho. Ulipoona choyo, ukaona adhabu. Babu yangu alirudi mikono mitupu, anatetemeka kwa baridi. Mdogo wake aliwasha moto, akampa ugali, hakumwuliza neno. Tangu siku ile waligawana kila samaki. Sisi wote wa ukoo huu tumetoka katika ugali ule.»

Ndugu, tuliona uchungu. Miaka yote twawafundisha watu kusamehe. Na msamaha ulipokuja wenyewe kinywani mwa mzee, tuliufuta, tukaandika kifo mahali pake. Tulikuwa na haraka ya kufundisha, tukaacha kusikiliza.

Tuliandika upya palepale. Jua lilipokaribia kushuka, tulimsomea yote, neno kwa neno, naye alitusahihisha mara nne. Mwisho alisema: «Sasa ni yangu.» Yeye hajui kusoma, lakini aliomba karatasi yake, akaiweka sandukuni kwa ajili ya wajukuu.

Tangu siku ile tuna sharti moja: hatusomi neno la mzee mbele ya watu kabla hatujamsomea mwenyewe kwanza. Tumerudi kwa wote waliomo katika madaftari yale matatu. Wawili tuliwakuta wamekwisha fariki. Maneno yao tumeyaweka kando, kwa sababu hakuna tena wa kutuambia kama tumeandika kweli.

Nanyi mlio na wazee nyumbani, chukueni kalamu mapema. Andikeni, kisha wasomeeni, wakiwa bado wanaweza kuwakataza.