Niliyojifunza Katika Kutengeneza Filamu Fupi

Mwalimu kijana anapotakiwa kufundisha kwa vikundi, aghalabu huyapanga madawati yakabiliane, akagawa kazi, kisha akazunguka akiuliza, "Mmeelewa?" Watoto huitika kwa sauti moja kwamba wameelewa, naye huridhika. Nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Kilichonitoa katika kosa hilo si kitabu cha ualimu, bali ni kazi ya kutengeneza filamu fupi, ambayo nilikwenda kuisoma kwa mwaka mmoja kabla ya kurudi darasani.

Chuoni tulikuwa sita katika kila kikundi, na kanuni ilikuwa moja: kila filamu mpya, kila mtu kazi mpya. Filamu haikuzidi dakika 10, lakini ilihitaji mwongozaji, mpiga picha, mnasa sauti, mshika kibao, mtunza kumbukumbu na mhariri.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika kibao. Hicho ni kibao chenye taya mbili. Huandikwa namba ya onyesho, ikasomwa kwa sauti, kisha taya zikagonganishwa mbele ya kamera. Niliona nimedharauliwa. Mtu mzima kupiga kibao! Sikufahamu maana yake mpaka nilipoketi na mhariri. Picha zetu zilinaswa na chombo kimoja, na sauti na chombo kingine. Mhariri huitafuta picha ambamo taya zimekutana, akautafuta mlio wake katika sauti, akaviunganisha. Sisi tulipiga picha 25 kwa kila sekunde, na kosa la picha tano tu latosha kuufanya mdomo na neno visipatane. Siku moja nilipiga kibao nje ya jicho la kamera, na mwenzangu akaipoteza jioni nzima akifuatisha midomo ya watu. Tangu hapo sikuiita tena kazi yoyote kuwa ndogo.

Katika filamu ya pili nilipewa sauti. Tulikwenda Bagamoyo kwa mzee mmoja, fundi wa mashua. Alikuwa akipigilia mbao za mashua mpya, huku akieleza jinsi marehemu baba yake alivyomfunza kushika nyundo. Katikati ya maneno akanyamaza, akaupapasa ubao uliokuwa mbele yake, kisha akaendelea. Mimi niliyevaa vipokea sauti masikioni nilisikia jambo ambalo wenzangu hawakulisikia: pampu ya maji ilikuwa imewashwa nyuma ya ua, na ngurumo yake ilikuwa ikiyameza maneno ya mzee. Mwongozaji wetu alilitazama jua lililokuwa likishuka, akaniuliza, "Sauti sawa?" Nikajibu, "Sawa."

Nilijua kwamba si sawa. Lakini swali lile lilikuja na jibu lake, nami niliona haya kuwachelewesha watu watano kwa jambo nililolisikia peke yangu.

Katika chumba cha uhariri maneno ya mzee hayakusikika. Tulirudi baada ya majuma matatu, na mashua ilikuwa imekwisha shushwa baharini. Mzee alitupokea kwa ukarimu, akasema, "Wanangu, si niliwaambia siku ile?" Akasimulia tena, bila kuacha kitu, lakini alisimulia kama mtu asomaye barua ya mwingine. Kimya kile, na mkono ule juu ya ubao, havikurudi. Nami sikumwambia mtu kwamba nilijua tangu siku ile.

Filamu ya tano niliiongoza mwenyewe. Onyesho la kwanza lilipokwisha, niliusikia mdomo wangu ukimwuliza mnasa sauti, "Sauti sawa?" ilhali nimekwisha mgeukia mpiga picha. Akaitikia kwa kichwa, kama nilivyoitikia mimi. Nikasita. Nikamwendea, nikamwuliza, "Umesikia nini?" Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Kanga ya mama inakikwaruza kipaza sauti." Tulirudia, na haikutuchukua hata dakika 5.

Niliporudi kufundisha Darasa la Tano nilijaribu mambo matatu, nami nayapendekeza kwa mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha. Kwanza, kila mtoto katika kikundi apewe kazi ambayo isipofanywa kikundi hukwama: mpimaji, mwandishi, mtunza muda, msemaji. Pili, kazi hizo zizunguke, ili yule mwenye hati nzuri asiwe mwandishi mwaka mzima, na mwenye haya asiwe mtazamaji mwaka mzima. Tatu, ambalo ndilo kubwa, mwalimu asiulize "Mmeelewa?" bali amwulize kila mwenye kazi yale ambayo yeye ndiye aliyeyaona.

Katika somo la vipimo nilimwendea msichana mmoja ambaye tangu mwaka uanze sikupata kuisikia sauti yake. Siku hiyo alikuwa mpimaji. Nikamwuliza, "Umeona nini?" Akanyamaza kwa muda ulioniudhi, nami nikajizuia nisimsaidie. Mwishowe akasema, "Mwalimu, rula hii imekatika mwanzo. Inaanzia 1." Kikundi kizima kilikuwa kimeongeza sentimita 1 katika kila kipimo. Yeye alikwisha ligundua kosa, ila hapakuwa na mtu aliyemwuliza.

Sisemi kwamba njia hii ni nyepesi. Katika darasa la watoto 60 mwalimu hawezi kuvifikia vikundi vyote katika kipindi kimoja. Mimi huchagua viwili au vitatu, na kesho yake vingine. Tena hana budi kuwa tayari kulisimamisha somo kwa ajili ya neno la mtoto mmoja, kwani akiuliza kisha asisubiri, watoto watajifunza upesi kwamba jibu linalotakiwa ni "Sawa."