Kisu Halali, Mizani Je?



Sisi wa Kamachumu tumezoea kuishi na watu wa dini mbalimbali. Kati ya nyumba ya Muislamu, ya Mlutheri na ya Mkatoliki pana migomba na mibuni tu. Na siku ya kununua nyama wote twasimama mbele ya bucha moja, kwani desturi ya sehemu nyingi za nchi yetu ni kuwa nyama ya sokoni huchinjwa na Muislamu.

Mimi nilichagua bucha kwa jambo moja tu: nikishajua aliyechinja ni Muislamu, basi, hulipa nikaenda zangu. Siku moja nilinunua kilo mbili, na jirani yangu, mama wa Kikristo, akanunua kilo mbili. Tukapita dukani kwake, akazipima. Zake zilipungua robo, zangu vilevile. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Baba, mimi nilimwamini kwa sababu ya dini yenu."

Ndugu yangu, maneno hayo yalinichoma. Kumbe nilichunguza kisu, nikasahau mizani! Na Qur'ani ina sura nzima, ya 83, yenye jina la wapunjao vipimo. Mtume (S.A.W.) naye alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini imelowa, akamkemea muuzaji.

Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika hadi mchungaji mmoja akauawa. Jirani anayetuachia kisu, huku akijua ugomvi kama huo, ametupa amana kubwa. Tumlipe kwa kumwibia robo?

Nilirudi kwa muuza nyama, nikamwambia faraghani. Alinuna, kisha akanikatia kipande. Nikamwuliza: "Na cha yule mama?" Akainama, akakata cha pili. Nikampelekea.

Basi, msomaji, unapochagua bucha, uliza nani amechinja na kama kisu kilikuwa kikali, mnyama asiteseke. Tazama muhuri wa mkaguzi, usafi wa meza, na mizani kama imesimama kwenye sifuri. Tena tazama anavyompimia asiye wa dini yake. Hapo ndipo utakapomjua.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza vipimo. Amin.