Kete Haifi: Bao la Mpanda Wakati wa Korona

Niko Mpanda, mkoani Katavi, mji ambao reli ya kutoka Kaliua hufikia mwisho wake. Leo sikuja na somo la arudhi. Nimekuja na lugha ya bao, na jinsi lugha hiyo ilivyonipa kipimo cha kuyapimia maneno tuliyoyatumia, na tuliyoyaepuka, katika siku za korona.

Asiyecheza bao hudhani ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Bao ni vita vya mezani. Bao la Kiswahili, ambalo mimi nilijifunza nilipokuwa Chuo cha Ualimu Korogwe, lina mashimo 32 katika safu nne, kila mchezaji safu mbili, na kete 64 zilizogawanywa sawasawa. Mchezo huanza kila mmoja akiwa na kete 10 ubaoni na akiba ya 22 mkononi. Huingiza akiba hiyo kete moja kila zamu, na hatua hii huitwa kunamua, neno ambalo nje ya bao lina maana ya kunasua kilichonaswa. Akiba ikiisha, huingia hatua ya mtaji. Mfanyabiashara akisema ana mtaji anazungumzia fedha. Mcheza bao akisema hivyo, jiandae kuliwa. Pale ubaoni pana nyumba, pana kichwa, pana kimbi. Aliyekosa cha kula hutakata, yaani huzungusha kete zake bila kuteka za mwenzake. Atakayefungwa kabla akiba haijaisha amefungwa mkononi, na aibu yake humfuata hadi nyumbani. Hakuna tendo lisilo na jina, na hakuna jina linalotumika ovyo.

Vita vya mezani vipo kwingine pia. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu, Little Wars, cha kanuni za kupiganisha askari wadogo wa sanamu, na hata leo wapenzi wa michezo ya namna hiyo hukusanyika kwa mamia kuchezea majeshi waliyoyapaka rangi kwa mikono yao. Lakini huko, kama ilivyo katika sataranji, askari aliyeuawa huondolewa, na uwanja huzidi kuwa mtupu kadiri vita vinavyoendelea. Bao halina kaburi. Kete iliyoliwa hugawiwa papo hapo katika mashimo ya aliyeila, ikawa askari wake, na huenda zamu ya pili ikarudi ilikotoka. Tunaanza na 64, tunamaliza na 64.

Machi 16, 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Siku iliyofuata shule zilifungwa na mikusanyiko ya michezo ikasitishwa. Baraza la bao ninaloshiriki, chini ya mwembe katika mtaa mmoja wa Kawajense, likanyamaza. Tukaambiwa kila siku kwamba tumo vitani: adui hаonekani, silaha yetu ni sabuni. Michezo iliporuhusiwa tena Juni 1, wazee wakaazimia kufanya mashindano madogo mwezi Julai, wakati vumbi la kiangazi limetanda na asubuhi zina ubaridi. Walikuja wachezaji kutoka Inyonga, kutoka Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kutoka Katumba. Wengine walizoea bao la mashimo ya ardhini lenye kanuni za kwao, kwa hiyo tuliafikiana mapema kwamba tutacheza Bao la Kiswahili.

Hapo ndipo tulipokumbana na fumbo. Uzuri wa bao ndio uliokuwa hatari yake. Katika mchezo mmoja kete moja hupita mikononi mwa watu wawili mara nyingi zisizo na hesabu, na ubao ni mfupi mno kuwaweka wachezaji mbali kwa mita moja. Watazamaji nao, kama mjuavyo, hawatazami tu. Huinama, hunong'ona, hushauri wasiloulizwa. Wazee wakatoa hukumu. Langoni iliwekwa ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Watazamaji walichorewa mstari mchangani. Na kila mchezo ulipokwisha, komwe zote 64 zilitumbukizwa katika beseni la maji ya sabuni, zikasuuzwa, zikaanikwa juu ya mkeka.

Kijana mmoja aliyekuwa akiziosha akasema, "Wazee, leo kete zinatakata kabla ya wachezaji hawajatakata." Kicheko kilichofuata nakikumbuka hadi leo, na pale pale nikaona jambo ambalo miaka yangu yote ya kufundisha minyambuliko haikunionyesha. Takata ni kuwa safi. Takasa ni kufanya kiwe safi. Kutoka humo tulipata jina la dawa iliyokuwa kila mlango wa ofisi mwaka ule, kitakasa mikono. Katika bao, kutakata ni zamu ya asiye na uwezo wa kushambulia: hupanga upya kete zake, akangoja. Nikajiambia kwamba hali yetu mbele ya korona ilikuwa hiyo. Hatukuwa na mtaji. Chanjo ilikuwa bado haijapatikana. Tulikuwa tukitakata.

Barakoa nazo zilikuwepo, nyingi za kitenge, baadhi zikiwa zimeshushwa kidevuni. Neno hili pwani lina umri mkubwa. Lilikuwa jina la kifunika uso cha wanawake, kikivaliwa Zanzibar na Omani, kabla halijafika bara likiwa limevaa maana ya afya. Kwa mcheza bao barakoa ilikuwa adhabu, maana nusu ya bao ni vijembe, na kijembe kilichopita kwenye kitambaa hufika butu.

Nilipangiwa mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyenizidi miaka kumi na zaidi. Nilimwamkia shikamoo kwa mkono kifuani, akaitikia marahaba na kuninyoshea mguu, salamu ya msimu. Wengi mtakumbuka kwamba Machi mwaka ule Rais Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad walisalimiana kwa miguu, na picha yao ikaenea nchi nzima. Tukacheza. Nyumba yangu ilikuwa imenona, nikiilinda kama mama na mwanawe. Mzee akatia kete moja katika shimo lililoelekeana nayo, akainyanyua nyumba nzima, akaanza kuigawa kutoka kichwani polepole, kila kete na mlio wake. Aliponiona nimeinamisha kichwa akasema, "Mwalimu, usihuzunike. Askari wako hawakufa. Wamehamia kwangu." Dakika chache baadaye nilifungwa mkononi.

Mzee yule alifariki Februari 2021. Alikohoa siku chache, akapelekwa hospitali, hakurudi. Hakupimwa. Msibani nilisikia maneno ambayo mwezi ule yalikuwa midomoni mwa Watanzania wengi: "changamoto ya upumuaji." Takwimu za taifa zilikuwa zimekoma tangu Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21. Mahali pa hesabu pakakaa tafsida.

Sisi tunaoipenda lugha tunaifahamu tafsida na kuiheshimu. Mswahili hasemi fulani amekufa; husema ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Hiyo ni tafsida ya huruma: anayeisikia anajua hasa kilichotokea, ila moyo wake umepunguziwa makali. "Changamoto ya upumuaji" ilifanya kazi nyingine. Ilimwacha mjane asijue kama akae mbali na wajukuu, na waliobeba jeneza wasijue kama wanawe mikono. Ndiyo maana nilimheshimu sana Maalim Seif katika siku zake za mwisho. Januari 31, 2021, chama chake kilitangaza waziwazi kwamba ameambukizwa korona. Aliaga dunia Februari 17 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na taifa lilikuwa limekwisha kuambiwa jina la alichokuwa akiugua. Baadaye mwaka huo serikali nayo ikaanza kuzungumza wazi, chanjo ikaja, na neno UVIKO-19, ufupisho wa ugonjwa wa virusi vya korona, likaenea magazetini na mahospitalini.

Chini ya mwembe wa Kawajense tungali tunacheza. Ndoo ya langoni ilichukuliwa zamani, mstari wa mchangani umefutika. Nafasi ya mzee wa reli amekaa kijana yule aliyeosha kete, naye ananifunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kuwaambia. Nimeanza kumwandikisha daftarini istilahi zote za bao pamoja na maana zake, kwa sababu wanaozijua kwa ukamilifu wanapungua. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una jina la mzee, tarehe aliyofariki, na ubeti huu nilioutunga usiku wa arubaini yake:

Kete haifi baoni, huliwa ikagawiwa,
Ikaingia shimoni, upya ikahesabiwa,
Mtu atiwapo chini, kurudi hakujaliwa,
Jina lake ulimini, ndilo tulilobakiwa.