Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Barua kwa Mpwa Wangu

Tanga, 9 Machi 2025

Mpwa wangu Neema,

Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini ulimi bado mkali, na ameniamuru nikusalimu kabla ya neno jingine. Mama yako katuambia umejiunga na kikundi kazi cha ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, na kwamba kikundi hicho kinatunga sera za majina ya vikoa. Tumefurahi sana. Bibi akauliza, "Kwani hayo majina ni ya nani?" Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu, maana najua mshahara wako unatoka wapi: kwenye kampuni inayouza majina hayo hayo.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Sikukatazi kuvuta. Kila atakayeketi kwenye kikundi hicho atavuta, mwenye kampuni, mwanasheria, hata mtu wa serikali. Ninachotaka ni kwamba ukivuta, mkono wako uonekane.

Nikupe mfano. Nilipokuwa katibu wa asasi yetu, anwani yetu ya intaneti iliishia na .org. Tuliichapa kwenye barua, vipeperushi, hata ubavuni mwa gari. Mwaka 2019 ICANN ikapendekeza kuondoa ukomo wa bei ya majina hayo, ambao uliruhusu nyongeza isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Maoni zaidi ya 3,000 yakatumwa, karibu yote ya kupinga. Mwisho wa Juni mkataba ukatiwa saini, ukomo haumo. Novemba tukasikia kwamba Internet Society, asasi ya kueneza intaneti, inataka kuiuzia kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital shirika lake linalosimamia .org, kwa dola bilioni 1.135. Shirika lisilotafuta faida lingegeuzwa la faida, tena libebeshwe deni la dola milioni 360.

Usidhani wauzaji walikuwa wezi. Walisema fedha zile zingewapa mfuko wa kudumu wa kuendeleza kazi yao ya kueneza intaneti, na kazi hiyo ni ya kweli. Wala wapinzani hawakuwa malaika wote. Walikuwamo waliohodhi majina mengi wakingoja kuyauza kwa bei ya juu, na maoni mengi yalikuwa nakala za maneno yale yale, jambo lililorahisisha kuyaweka kando. Hapo ndipo pa kujifunza, mwanangu. Wingi wa sauti si mwafaka, lakini sauti kufanana hakukuondolei wajibu wa kujibu hoja iliyomo. Hoja ilikuwa moja: nani atamzuia msimamizi kupandisha bei kwa watu ambao hawawezi kuhama? Asasi ikibadili anwani inapoteza wafadhili na wote waliozoea kuipata pale.

Hoja hiyo iliporudi baada ya tangazo la mauzo, ilirudi na watu wengi zaidi, akiwamo Mwanasheria Mkuu wa California. Tarehe 30 Aprili 2020 bodi ya ICANN ikakataa kuidhinisha mauzo.

Sasa nisikilize. Utatakiwa kujaza tamko la maslahi. Lijaze lote: mwajiri wako, wateja wake, na majina unayoyamiliki mwenyewe, hata kama ni mawili. Bosi wako naye mwambie mapema kwamba humo hutakuwa mdomo wake kila siku. Siku ya kutofautiana naye itakuja, na ni bora akukute umeshamwambia.

Ukitaka kutamka "maslahi ya umma", kwanza jiulize ni umma gani, unaishi wapi, na nani aliuuliza. Humo mwafaka haupatikani kwa kuhesabu kura tu. Mwenyekiti hupima uzito wa makubaliano, na wenye mawazo tofauti huandikiwa yao kwenye ripoti. Ukishindwa, andika yako kwa adabu, usije kulalamika nje. Wakishindwa wenzako, hakikisha hoja yao imejibiwa kabla ya kufunga mjadala.

Kumbuka pia kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mjadala mwingi ni kwa Kiingereza, na vikao vingine vitakukuta usiku. Mwenye duka wa Kondoa aliyesajili jina lake chini ya .tz hatakuwamo. Wewe umo. Mpigie simu mtu wa namna hiyo kabla hujamsemea.

Bibi nimemjibu kwamba majina hayo yana wadhamini, si wenyewe. Jon Postel, aliyeyasimamia miaka ya mwanzo, aliandika mwaka 1994 kwamba anayekabidhiwa kikoa ni mdhamini, na kwamba la kushughulikia ni wajibu na huduma kwa jamii, si madai ya umiliki. Bibi akasema, "Basi huyo mdhamini ndiye wa kuchungwa zaidi." Sikuwa na la kuongeza.

Ukimaliza kuandika tamko lako, nitumie nilisome kabla hujaliwasilisha. Nikiona umeficha kitu, nitakupigia simu, na bibi atakuwa pembeni yangu.

Mjomba wako akupendaye,
Mjomba Rashidi